Ugonjwa wa Kuoza Kwato za Kondoo

Maneno ya mazungumzo kwa wafugaji wa Meru na Embu

Kila mwaka mvua kubwa za mwezi wa Aprili zikishika katika miteremko ya Mlima Kenya, kutoka Timau na Kibirichia hata Manyatta na Kianjokoma, huonekana kondoo wakichechemea njiani. Kwanza huwa mmoja tu, na mwenyewe husema kwamba amechomwa na mwiba. Baada ya juma moja huwa watatu. Kabla ya mwezi kwisha nusu ya kundi haitaki kutembea, na wale walio wagonjwa zaidi hupiga magoti na kula majani hali wamepiga magoti, kwa sababu hawawezi kuikanyaga ardhi kwa kwato zao za mbele. Kondoo jike wa namna hii hukonda, maziwa yake hupungua, na mwana-kondoo wake hulia kwa njaa. Kondoo dume mwenye kwato zilizooza hawezi kupanda majike, na hivyo hasara ya mwezi wa Aprili huonekana tena miezi mitano baadaye, wakati wa kuzaa unapofika na wana-kondoo hawapo.

Watu wengi husema kwamba ugonjwa huu huletwa na matope. Neno hilo lina nusu ya kweli, na ile nusu nyingine ni ya hatari. Mtu anayeamini kwamba matope ndiyo yanayoleta ugonjwa hungoja jua litoke likaushe zizi, wala hamtazami yule kondoo aliyemnunua mwezi uliopita. Tena, jua likitoka na kondoo wakapata nafuu, husema kwamba ugonjwa umekwisha. Haukwisha. Umejificha tu ndani ya kwato, ukingoja mvua nyingine.

Ukweli ni kwamba ugonjwa huu huletwa na vijidudu viwili vinavyosaidiana, navyo ni vidogo mno hata haviwezi kuonekana kwa macho pasipo darubini. Cha kwanza wataalamu hukiita Fusobacterium necrophorum. Hiki huishi siku zote katika matumbo ya wanyama, katika mavi na katika udongo wa zizi, wala hakuna boma lisilokuwa nacho. Ngozi laini iliyo katikati ya kwato mbili ikilowa siku nyingi mfululizo, hulainika kama kidole cha mwanamke aliyefua nguo kutwa nzima, ndipo kijidudu hiki hupata njia ya kuingia. Kikiwa peke yake huleta uvimbe mdogo na uwekundu, na mara nyingi kondoo hupona kwato zikikauka.

Cha pili ndicho chenye ubaya hasa. Jina lake ni Dichelobacter nodosus. Aliyekitambua ni daktari wa wanyama wa Australia, Bwana W. I. B. Beveridge, na habari zake zilichapishwa mwaka 1941. Kijidudu hiki huingia kwa mlango uliofunguliwa na mwenzake, kisha hufanya kazi ambayo yule wa kwanza hawezi kuifanya: huyeyusha ule mshiko unaounganisha gamba gumu la ukwato na nyama iliyo chini yake. Gamba huanza kubanduka upande wa ndani, karibu na kisigino, kisha uozo hutambaa chini ya wayo mpaka ukafika upande wa nje. Ndipo hutoka ule usaha wa rangi ya kijivu wenye harufu mbaya, harufu ambayo mfugaji aliyeinusa mara moja hawezi kuisahau.

Lakini kijidudu hiki cha pili kina udhaifu mkubwa, na katika udhaifu huo ndimo lilimo tumaini la mfugaji. Hakipendi hewa. Nyumba yake ni mguu wa mnyama aliye mgonjwa, yaani kondoo au mbuzi, na pengine ng'ombe. Kikidondoka penye majani au matope hakidumu. Kwa kawaida siku 14 hazipiti kabla hakijafa. Maana yake ni kwamba malisho ambayo hayakukanyagwa na kondoo wala mbuzi kwa majuma mawili huwa yamejisafisha yenyewe, bila dawa na bila gharama. Maana yake tena ni kwamba boma ambalo halina kijidudu hiki laweza kukaa katika matope miaka 10 lisiuone ugonjwa huu, mpaka siku utakapoletwa na mnyama kutoka nje.

Huletwaje? Aghalabu huletwa na kondoo aliyenunuliwa sokoni. Ishiara, Siakago, Isiolo na masoko mengine hukusanya wanyama kutoka pande nyingi, nao husimama pamoja, hufungwa pamoja, na kupakiwa katika lori moja ambalo sakafu yake ni mavi na mkojo wa safari iliyotangulia. Huletwa pia na kondoo wa mahari, kwa kuwa katika desturi ya Wameru kondoo dume na kondoo jike wamo katika mahari pamoja na ng'ombe na asali, na hakuna mtu apokeaye mahari akaanza kuwageuza wanyama wa wakwe zake na kuwachungulia kwato mbele ya wageni. Kumtazama usiku, wageni wakiisha kuondoka, si kuvunja heshima. Huletwa tena na dume la kuazima, ambalo huzunguka katika maboma manne au matano kwa msimu mmoja, na huletwa katika malisho ya pamoja ya ukingo wa msitu na katika mashamba ya ngano ya Timau baada ya kuvunwa, ambamo makundi ya watu mbalimbali hula mabua pamoja.

Hapa lazima litajwe jambo ambalo halipendezi. Mwezi wa Januari na wa Februari, ardhi ikiwa kavu, kondoo mwenye ugonjwa wa siku nyingi huweza kutembea vizuri asionyeshe kuchechemea. Mwenyewe ajua kwamba mnyama huyo huugua kila mvua zikija, naye humpeleka sokoni wakati huohuo wa kiangazi, kwa bei ya kondoo mzima. Mnunuzi humsifu mnyama, hulipa, huenda zake Runyenjes au Nkubu, na mwezi wa Aprili kundi lake lote laugua. Aliyeuza huona kwamba ameokoa fedha zake. Lakini kondoo wa jirani hunywa maji mtoni palepale wanapokunywa wake, na watoto wa mnyama aliyeuzwa hurudi sokoni ambapo yeye mwenyewe, au ndugu yake, huenda kununua.

Kwa hiyo mnunuzi asitosheke na kumwona kondoo akitembea. Amshike, amkalishe juu ya matako na kumwegemeza magotini, kisha atazame miguu yote minne. Kwanza afumbue katikati ya kwato: ngozi iliyo nzima ni kavu, yenye rangi yake ya kawaida na nywele fupi, ngozi iliyo gonjwa ni nyekundu au nyeupe kama iliyochemshwa, tena ina unyevu na nywele zimepukutika. Kisha atazame kisigino na ukingo wa ndani wa kila ukwato, aone kama gamba limeachana na nyama na kufanya mfuko uliojaa uchafu mweusi. Kwato zilizorefuka na kupindika kama pembe, nazo zina ufa, ni za kutiliwa shaka sana. Mwisho anuse. Muuzaji atakayekataa mnyama wake asikaliwe namna hii amekwisha kujibu swali.

Si kila kondoo anayechechemea ana ugonjwa huu. Mwiba, jiwe au jipu huumiza mguu mmoja, na mara nyingi ukwato mmoja tu wa mguu huo. Kuoza kwato kwa kawaida hushika kwato zote mbili za mguu, na mara nyingi miguu zaidi ya mmoja. Lakini uko ugonjwa mmoja ambao haifai kabisa kuukosea, nao ni ugonjwa wa midomo na miguu. Wanyama wengi wakianza kuchechemea kwa siku moja au mbili, nao wana homa, na hasa ikiwa ng'ombe wa boma hilo wanadondosha mate na wana malengelenge ulimini na katikati ya kwato, mfugaji asihangaike na dawa ya kwato. Awafungie wanyama wote pale walipo na kumpasha habari afisa wa mifugo siku hiyohiyo. Sheria ya Kenya ya magonjwa ya wanyama yamlazimisha kufanya hivyo, na lori moja la wanyama likiondoka kabla ya habari kufika laweza kufunga masoko ya wilaya nzima.

Sasa habari ya matibabu, na hapa wazee waliofundishwa zamani watastaajabu kidogo. Kwa miaka mingi mashauri ya wataalamu yalikuwa kwamba kwato zilizooza zikatwe kwa kisu mpaka gamba lote lililobanduka liondoke, hata damu ikitoka, kisha dawa itiwe. Watu wengi walijifunza kazi hiyo wakaifanya kwa bidii. Baadaye wataalamu wa Uingereza waliipima njia hiyo, na katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2010 ilionekana kwamba kondoo waliodungwa sindano ya dawa bila kukatwa kwato walipona upesi kuliko wale waliokatwa. Kukata huumiza nyama mpya, huchelewesha kupona, na kisu chenyewe hubeba vijidudu kutoka mguu hata mguu. Basi kisu kiwekwe. Kama ukwato umerefuka kupita kiasi, usubiriwe mpaka ugonjwa umepona, ndipo upunguzwe ncha bila kutoa damu, na kisu kioshwe kwa dawa kila baada ya mnyama mmoja, na vipande vichomwe moto.

Dawa ya sindano inayotumika zaidi ni oksitetrasaiklini ya kukaa mwilini siku nyingi. Kwa ile ambayo mililita moja ina miligramu 200, kipimo ni mililita moja kwa kila kilo 10 za uzito, yaani mililita 4 kwa kondoo wa kilo 40. Dawa hii yafaa itolewe kwa shauri la daktari wa mifugo, wala si kwa kukisia. Mtu anayetoa nusu ya kipimo ili chupa itoshe kondoo wengi hawaponyi wale wengi, bali huvifundisha vijidudu kuizoea dawa. Baada ya sindano kondoo akae mahali pakavu siku nzima. Asichinjwe wala maziwa yake yasinywewe mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa.

Kwa kundi zima kuna dawa ya kuoshea kwato. Iliyo bora kwa mfugaji mdogo ni salfeti ya zinki, kilo moja katika lita 10 za maji, hivyo debe la lita 20 lahitaji kilo 2. Birika lenye urefu wa meta 3, upana wa sentimeta 30 na maji ya kina cha sentimeta 6 huchukua lita 54, yaani kilo 5 na nusu hivi za dawa. Kondoo wasimame humo dakika 10 hadi 15. Kupita tu hakutoshi. Mwenye kondoo wanne hana haja ya birika, kwa maana karai moja na subira vyatosha. Matope yaoshwe kwanza kwa maji matupu, kwa sababu dawa haipenyi tope. Wakitoka, wasimame juu ya sakafu kavu au changarawe kwa muda wa saa moja ili dawa ishike, kwani kondoo atokaye birikani akaingia moja kwa moja katika zizi la matope hakuoshwa. Kazi hii irudiwe kila juma mpaka wagonjwa wapone.

Wengine hutumia formalini, na hiyo nayo hufaa, lakini isizidi lita 3 katika lita 97 za maji. Ikizidi huunguza ngozi na kukausha gamba mpaka likapasuka, na moshi wake hudhuru macho na kifua cha mtu, basi itumike penye upepo. Mrututu pia ni dawa ya zamani iliyo nzuri, kilo moja katika lita 20, ila kondoo ni mnyama anayedhurika upesi na shaba kuliko ng'ombe, na akiunywa aweza kufa. Yafaa wanyama wanyweshwe maji kabla ya kupelekwa birikani. Wakulima wa kahawa nao waonywe kwamba zile dawa za shaba wanazonyunyizia mibuni hazikutengenezwa kwa kwato za kondoo. Maji ya birika yaliyotumika yasimwagwe karibu na Rupingazi wala Kathita wala kijito chochote, kwa kuwa huua samaki. Yafukiwe shimoni mbali na maji.

Matibabu hayo huponya wanyama, lakini hayauondoi ugonjwa katika boma. Kuuondoa ni kazi nyingine yenye wakati wake, na watu wengi huikosea kwa kuifanya wakati wa mvua, wanapoona taabu. Wakati wake ni kiangazi. Katika Meru na Embu kiangazi ni viwili, lakini si sawa. Kuanzia Juni hata Agosti sehemu za juu, karibu na msitu, zina ukungu, manyunyu na baridi, na ardhi haikauki. Mwezi wa Januari na wa Februari, mvua za mwisho wa mwaka zikiisha kupita, jua huwa kali na ardhi kavu hata Kibirichia. Wakati huo ugonjwa hauwezi kuambukizwa kwa urahisi, na kila kijidudu kilichosalia kimo ndani ya mguu wa mnyama fulani. Basi yabaki kumtafuta mnyama huyo.

Siku hiyo kila kondoo na kila mbuzi ashikwe, asiachwe hata mmoja, na miguu yote minne itazamwe. Mbuzi wa maziwa wa Toggenburg, waliotapakaa Meru tangu miaka ya 1990, hawasamehewi, ijapokuwa wanakaa katika mabanda yaliyoinuliwa juu ya mbao. Walio wazima waoshwe kwato, wakaushwe, kisha wapelekwe mahali ambapo hapakukanyagwa na kondoo wala mbuzi kwa majuma mawili au zaidi. Walio wagonjwa, pamoja na wale wenye shaka, wabaki katika zizi lao peke yao na kutibiwa. Baada ya majuma matatu watazamwe wote tena. Aliyepona kabisa, akakaa bila alama yoyote, aruhusiwe kurudi. Aliyetibiwa mara mbili vizuri asipone auzwe kwa mchinjaji, siku za dawa zikiisha kupita, aende machinjioni moja kwa moja. Hapa ndipo pagumu, kwa sababu huenda akawa ndiye jike azaaye pacha kila mwaka, na mwenyewe humhurumia. Lakini jike mmoja wa namna hiyo ndiye aliyeurudisha ugonjwa katika maboma mengi baada ya kazi ya miezi miwili.

Wako watakaosema kwamba shamba lao ni nusu eka, na hawana malisho ya kuacha tupu. Hao wawafungie kondoo wao majuma hayo mawili na kuwakatia majani ya nepia, na siku hizo wasiwapeleke kando ya barabara wala mtoni. Ni kazi ya kuchosha, hasa kwa wanawake na watoto ambao ndio wakatao majani na kuchota maji, na mwenye boma afadhali ahesabu taabu yao kabla ya kuchagua majuma hayo.

Watu huuliza pia juu ya aina ya kondoo. Merino ndiye anayeshikwa vibaya zaidi, jambo lililojulikana sana huko Australia. Kondoo mwekundu wa Kimasai amesifiwa kwa haki kwamba huvumilia minyoo kuliko kondoo wa kigeni, na wengine wamefikiri kwamba basi huvumilia kila kitu. Kuvumilia minyoo ni jambo moja na kuvumilia uozo wa kwato ni jambo jingine. Kwato zake zitazamwe kama za Dorper.

Chanjo ipo katika ulimwengu, lakini kijidudu hiki kina makundi karibu 10, na chanjo ya kundi moja haikingi kundi jingine. Huko Nepal, nchi ya milima mirefu ambayo wafugaji wake hupanda na kushuka na makundi yao, wataalamu katika miaka ya 1990 walitafuta kwanza ni makundi yapi yaliyokuwako, wakatengeneza chanjo ya hayo tu, na ule ugonjwa mkali ukatoweka katika kondoo na mbuzi wa sehemu hiyo. Ni kazi ya serikali na maabara, wala mfugaji asiingojee.

Analoweza kufanya bila kumngoja mtu ni kuwa na kizizi kidogo cha wageni, mbali na zizi kubwa, chenye sakafu kavu na chombo chake cha maji. Kila kondoo au mbuzi aingiaye bomani, awe wa sokoni, wa mahari au dume la kuazima, akae humo siku 30. Siku ya kwanza atazamwe kwato na kuoshwa kwa dawa. Siku ya 14 atazamwe tena, kwa maana majuma mawili hivi ndiyo muda ambao ugonjwa huchukua kujionyesha. Siku ya 30 atazamwe mara ya tatu, na kama kwato zake zote nane ni kavu, hazina ufa wala harufu, afunguliwe achanganyike na wenzake.